Kutaja Sanda si Uchuro

Mwosha maiti hukabidhiwa amana kubwa kuliko ndoo na sabuni: alichokiona nyuma ya pazia hakitoki nje. Ndivyo tulivyofunzwa na bibi zetu, na ndivyo dini inavyotaka. Kwa hiyo hapa hutakuta jina la mtu wala mtaa wa mtu, na habari nyingine nimezivuruga makusudi ili mwenyewe asitambuliwe hata na jirani yake. Ila yapo mambo ambayo si siri ya mtu mmoja tena. Nayakuta kwa huyu, nayakuta kwa yule, mpaka nimeona kuyanyamazia ni vibaya zaidi kuliko kuyasema.

Mimi ni muuguzi mstaafu, mkazi wa Ngamiani, Tanga. Nilianzia wodi ya wazazi nikaishia tiba shufaa, yaani kuwahudumia watu ambao ugonjwa wao hautarajiwi kupona. Nilipostaafu, akina mama wa msikiti wetu hawakuniacha nipumzike. "Bi Nesi," waliniambia, "wewe mikono yako haiogopi. Njoo utushikie." Tangu hapo, ukitokea msiba wa mwanamke naitwa, nachukua mkoba wangu: glavu, pamba, udi, majani ya mkunazi na karafuu maiti. Bafta ya sanda hununuliwa na wenyewe, ingawa huwa nina akiba kwa ajili ya wale ambao msiba umewakuta mikono mitupu.

Kazi yenyewe ni ya upole. Maji ya mkunazi hutangulia, ya karafuu maiti huwa ya mwisho. Upande wa kulia huanza, wa kushoto hufuata. Nywele za mwanamke husukwa mikia mitatu. Sanda yake nguo tano. Mwili haufunuliwi wote kwa pamoja. Unaongea na marehemu kwa sauti ya chini, "tunakugeuza sasa, bibi," kana kwamba anasikia, na mimi sijui kama hasikii.

Na hapo ndipo unapoyaona. Kidonda cha mguu kilicholiwa na sukari mpaka mfupa. Titi lililooza, limefungwa kitambaa na kupakwa manukato ili mume asinuse. Tumbo lililojaa maji. Nje ya pazia nduguze wanaambizana kwamba ni kifo cha ghafla, juzi tu alikuwa sokoni. Mimi na wenzangu ndani tunatazamana. Titi halifiki hapo kwa siku mbili.

Wanawake hao hawakuwa wajinga. Nimewaosha walimu. Nimemwosha mwenzangu wa kazi, muuguzi kama mimi, ambaye alikuwa akiwahimiza wengine kupima na yeye hakupima. Kilichowazuia ni kitu tulichonacho sote humu majumbani. Mtu akisema, "Hili jipu silielewi, isije ikawa lile gonjwa," anakatizwa hapohapo: "Usijichulie! Mdomo huumba." Mazungumzo yamekwisha. Mgonjwa ameachiwa jipu lake na woga wake, na hana tena wa kumwambia.

Sitaki kuwacheka wanaoogopa uchuro. Na mimi nililelewa hivyo hivyo. Nikiwa mtoto, ukiitaja sanda wakati wa chakula unapigwa kofi. Lakini baada ya kushinda muda wote huo kati ya wanaokufa na waliokufa, nimefikia uamuzi wangu: mtu asiyetaka kusikia habari ya kufa kwake hawezi kuitunza afya yake vizuri. Atatunza vipande. Atakunywa maji ya tangawizi na ndimu asubuhi, atatembea jioni, ataacha soda, na lile moja linalomtisha ataliacha likue.

Katika masomo ya uuguzi tulikaririshwa maelezo ya afya ya Shirika la Afya Duniani, ambayo yamo katika katiba yake iliyoanza kutumika mwaka 1948: kwamba afya ni uzima kamili wa mwili, wa akili na wa maisha ya mtu pamoja na wenzake, si kukosa ugonjwa tu. Tuliandika kwenye daftari, tukafaulu mtihani. Hakuna aliyetuuliza: je, mtu ambaye mwili wake hautakuwa mzima tena, hana afya yoyote iliyobaki ya kutunzwa?

Swali hilo aliliuliza mwanamke mmoja wa Kiingereza, Cicely Saunders. Alianza kama muuguzi, akawa mfanyakazi wa ustawi wa jamii hospitalini, kisha akarudi darasani akawa daktari, kwa sababu aliona madaktari wanawapa mgongo wagonjwa wasiotibika. Mwaka 1967 akafungua St Christopher's, London, hospisi ambayo imekuwa mama wa nyingi zilizofuata duniani. Alichokigundua kwa kuwasikiliza wagonjwa ni kwamba maumivu ya anayekaribia kufa yana pande nne zilizoshikana: mwili, moyo, watu wake pamoja na mali, na imani. Ukitibu upande mmoja ukaacha mitatu, mgonjwa ataendelea kulia. Saunders mwenyewe alifariki mwaka 2005, ndani ya hospisi hiyohiyo aliyoianzisha.

Niliposomeshwa habari hizi niliona ni maneno ya semina. Nikaja kukutana na mama mmoja.

Alikuwa na saratani ya mlango wa kizazi, amerudishwa nyumbani, analala chumba cha uani kwa mtoto wake wa kiume. Dawa ya maumivu tulimpandishia, tukapandisha tena. Mchana alitulia. Usiku alipiga kelele hadi majirani wakawa hawalali. Daktari akataka tuongeze. Nikamwomba anipe siku moja.

Nilikwenda jioni, nikakaa kitandani kwake, nikamkanda miguu. "Mama," nikamwuliza, "mwili najua unauma wapi. Kingine kinachouma ni nini?"

Akageukia ukutani. Akakaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema, "Mwanangu, nina pesa za watu."

Alikuwa mweka hazina wa kikoba cha akina mama. Alipoanza kuugua alichukua kidogo kwa nauli ya Dar es Salaam, akachukua tena kwa vipimo, akitegemea kurudisha. Hakuna aliyejua, hata mwanawe. Mwisho wa mwaka ulikuwa unakaribia, siku ya kugawana. Kila taa ikizimwa, aliiona sura ya kila mwanachama.

Tulimwita mtoto, naye akawaita viongozi wa kikoba. Sitasema kwamba walilia wote wakakumbatiana. Mmoja aliondoka kwa hasira na kubamiza mlango. Waliobaki walizungumza na kijana hadi wakaelewana atalipa kidogokidogo, ikaandikwa, ikatiwa sahihi. Mama akawaomba radhi mmoja mmoja kwa jina. Yule aliyebamiza mlango alirudi kesho yake, akamletea uji wa pilipili manga, hakusema neno.

Usiku ule mama alilala. Dawa ilikuwa ileile, kipimo kilekile. Saratani haikuondoka na maumivu yalirudi baadaye kwa namna nyingine, lakini zile kelele za usiku zilikoma, na wiki alizobakiwa nazo alizitumia kumfundisha mkwewe kupika mseto na kumsimulia mjukuu wake habari za Pangani alikozaliwa. Mwanawe aliniambia hajapata kuzungumza na mama yake vile tangu akiwa mtoto. Kikoba kililipwa chote, najua, kwa sababu niliulizia.

Sasa turudi kwenye dawa, maana hapa kuna uzushi mwingi. Mofini inaogopwa kuliko ugonjwa wenyewe. Watu husema mgonjwa akianzishiwa mofini amepewa "dawa ya kufia". Si kweli. Mofini ya kunywa ni unga uliochanganywa na maji, na hutolewa kwa kipimo kidogo kinachopanda kulingana na maumivu. Hunywewa kwa saa, kila baada ya saa nne, wala haisubiriwi hadi mgonjwa aanze kulia. Ya usiku huweza kuongezwa ili alale hadi alfajiri. Siku za mwanzo mgonjwa husinzia, kisha kusinzia kunapungua. Choo hukauka, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo huandikwa papo hapo, na muuguzi akisahau, mkumbushe. Ikitolewa kwa kipimo sahihi haimharakishii mtu kifo. Nimewaona waliokuwa hawawezi kugeuka wakaamka, wakaoga wenyewe, wakaenda harusini.

Afrika haikuchelewa sana katika jambo hili. Hospisi ya kwanza barani ilianza Harare mwaka 1979, ya Nairobi mwaka 1990. Mwaka 1993 daktari Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda mjini Kampala, akiwa na wazo rahisi: mofini ya maji inayotengenezwa hapohapo kwa gharama ndogo, na timu inayomfuata mgonjwa nyumbani. Mwaka 2004 Uganda ikaruhusu wauguzi na matabibu waliosomea fani hiyo waandike mofini wenyewe, jambo kubwa katika nchi ambazo daktari ni mmoja kwa maelfu ya watu. Kwetu Tanzania, Taasisi ya Saratani Ocean Road pamoja na hospitali za makanisa, Selian ya Arusha ikiwa mojawapo, ndizo zilizobeba mzigo wa mwanzo. Mkoani kwetu Hospitali Teule ya Muheza ilikuwa na huduma ya hospisi mapema miaka ya 2000, na wengi tulijifunza mengi kwa wenzetu wale.

Nikieleza haya kwenye mikutano, mzee fulani hakosi kusimama na kuniambia kwamba mazungumzo ya kufa ni ya Wazungu, sisi hatuna. Huwa namjibu kwa heshima zote: shikamoo babu, lakini sisi ndio tulionayo ya zamani.

Nenda Tongoni, kwenye njia ya Pangani, hapa karibu tu. Kuna msikiti wa mawe uliobomoka na makaburi yanayozidi arobaini, mengine yana nguzo ndefu. Waliojenga pale walikwenda kusali wakipita katikati ya wazee wao. Hawakuwa na njia ya kujisahaulisha. Au mchukue Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliyetunga Al-Inkishafi: anaushika moyo wake mwenyewe, anautembeza kwenye majumba ya Pate yaliyokuwa ya matajiri na sasa ni ya popo, anauuliza unangoja nini. Watu wamekariri utenzi ule kizazi kwa kizazi, na hakuna aliyemshitaki mtunzi kwa uchuro.

Lakini ninayempenda zaidi ni Mwana Kupona. Alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siu aliyekaidiana na Sayyid Said, sultani wa Zanzibar. Mwaka 1858, akiwa ameugua mwaka mzima, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa beti 102. Wasomi wa leo wanagombana naye kuhusu anavyomfundisha binti kumnyenyekea mume, na wana haki yao. Mimi namtazama kama mgonjwa wangu. Mwanamke yule anamwomba Mungu amponye, anaomba sana, na wakati huohuo anamwambia binti asogee na vifaa vya kuandikia. Hakungoja kujua dua imejibiwaje ndipo aandike. Miaka miwili hivi baadaye alifariki. Binti alibaki na sauti ya mama yake, na sisi sote tukabaki nayo.

Hicho ndicho ninachokiita kukubali. Kuomba kupona, kufuata tiba, na huku karatasi inaandikwa.

Kuna kukubali kwa uongo, nako nimekuona kwingi, hasa kwa wanaume. Mzee mmoja jirani yangu alipimwa presha ikawa juu sana. Akapewa vidonge, akameza hadi kichwa kilipoacha kumwuma, akaacha. Nikimkumbusha, jibu lake lilikuwa moja: "Mwanangu, siku ikifika imefika, hata ukimeza duka zima." Watu walimsifu kwa imani. Mimi niliona woga uliovaa kanzu. Siku haikufika, kilifika kiharusi. Akakaa kitandani miaka akigeuzwa na mkewe, ambaye naye mgongo ukaharibika. Mtume alipoulizwa na mtu kama amwache ngamia wake akimtegemea Mungu, alimwambia amfunge kwanza. Mzee wangu alikuwa na dini nyingi lakini habari hiyo ilikuwa imempita. Presha inayofika 140 kwa 90 na kubaki huko haiumi. Ndiyo maana inahitaji kidonge cha kila siku na chumvi ya kipimo. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi ya mtu mzima kwa siku isifike gramu 5, kijiko kimoja cha chai, na humo imo ya mkate, ya dagaa na ya supu ya barabarani.

Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu ni ugonjwa unaotoa muda. Husababishwa na virusi viitwavyo HPV, na aina mbili tu, ya 16 na ya 18, hubeba takriban asilimia 70 ya saratani hizo. Kutoka virusi hadi saratani kwa kawaida hupita miaka mingi. Kipimo chake hakitaki mashine ya ajabu: mhudumu anapaka siki iliyozimuliwa kwenye mlango wa kizazi, anasubiri dakika chache, anatazama. Sehemu yenye dalili za awali hubadilika kuwa nyeupe, na mara nyingi hutibiwa siku hiyohiyo kwa kuigandisha au kuichoma kwa joto. Unarudi nyumbani kwa miguu yako. Mabinti zetu wanachanjwa dhidi ya HPV nchi nzima tangu mwaka 2018. Mama zao waliovuka thelathini ndio wanaobaki wakisema "nitaenda". Yule mama wa kikoba naye alikuwa akisema "nitaenda".

Nikiwauliza wanaonikwepa, hawaniambii siki inauma. Wananiambia, "Bi Nesi, nikiambiwa ninayo, nitaishije?" Swali zuri. Lakini lijibiwe kabla ya kipimo, ukiwa mzima, umekaa barazani na mtu unayemwamini. Anayejua kwamba kufa kupo anaweza kuisikia habari mbaya na bado akauliza, "Haya, hatua ya pili ni ipi?" Asiyetaka kujua, habari ile humvunja miguu, na wengine hukimbilia kwa mganga wa kwanza atakayewaambia si kweli.

Jambo jingine linalonishangaza kuhusu watu wa pwani na bara vilevile: kwa mazishi tumejipanga kuliko serikali. Vyama vya kufa na kuzikana vimejaa kila mtaa. Daftari lipo, mchango unajulikana, turubai na masufuria yapo, na tunajua nani atasonga ugali na nani hagusi pilau la arobaini kwa kuwa hulichoma. Maiti yeyote wa Ngamiani atazikwa kwa heshima, hata awe hana senti. Ila mwulize mwanachama huyohuyo hati ya kiwanja iko wapi, nani ana deni lake, watoto wadogo atawalea nani. Anakutazama kama umemtukana. Tumelipanga shimo, waliobaki hatukuwapanga. Siku ya tatu, matanga yakianuliwa, ndugu wanaanza kuulizana maswali ambayo marehemu angeyajibu kwa nusu saa.

Na si jambo gumu. Kwa sisi Waislamu mpangilio unajulikana: gharama za maziko, kisha madeni, kisha wosia usiozidi thuluthi na usiompa mrithi, ndipo mirathi. Deni linatangulia watoto wako; basi liandike. Kwa Watanzania wanaofuata sheria za kimila, wosia wa mdomo unataka mashahidi wasiopungua wanne, wawili wa ukoo na wawili watu baki. Wa maandishi unataka wawili kama mwenye wosia anajua kusoma na kuandika, wanne kama hajui. Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, RITA, hupokea wosia na kuuhifadhi. Kenya, kwa wale ambao sheria ya mirathi ya nchi inawahusu, wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili una nguvu ikiwa aliyeutoa amefariki ndani ya miezi mitatu tangu autamke. Akivuka hapo, maneno yale hayatambuliki tena, kwa hiyo afadhali kalamu.

Watu hudhani kazi yangu imenifanya niwe na huzuni. Imenifanya mchaguzi. Kuna ugomvi siuingii tena, kwa sababu ninajua utaishia wapi. Kuna harusi za kushonesha sare ambazo siendi, natuma mchango wangu, nakaa nyumbani. Nalala saa nne usiku na simu inabaki sebuleni. Naenda Raskazoni kutembea alfajiri, si kwa ajili ya kupunguza mwili, huo umeshakataa. Naenda kwa kuwa napenda bahari kabla wavuvi hawajapiga kelele. Vidonge vya presha nameza. Kipimo nilikifanya. Nikimkosea mtu najitahidi niombe radhi kabla jua halijazama, na hapo ndipo ninaposhindwa mara nyingi, maana nina mdomo.

Sanda yangu iko sandukuni, chini ya vitenge. Binti yangu anaishi Maskati, na siku aliyonikuta naipanga alipiga ukelele: "Mama, unajichulia!" Tukakaa tukazungumza kweli kwa mara ya kwanza. Nilimweleza asichotaka kukisikia: sisi huzika siku ileile au kesho yake, na ndege ya Maskati haitamngoja wala mimi sitaki kuwekwa kwenye barafu nimsubiri. Inawezekana asinikute. Basi anachotaka kuniambia aniambie sasa, na nilicho nacho juu yake nimwambie sasa. Aliporudi Maskati alinikatia simu siku mbili mfululizo. Ya tatu akapiga mwenyewe, akaniuliza jambo kuhusu marehemu baba yake ambalo alikuwa amelihifadhi tangu usichana. Tangu hapo kila Ijumaa tunazungumza hadi chaji iishe, na mengi tunayozungumza ni vichekesho.

Kwa wenye mgonjwa ndani, neno langu ni hili: msimfiche. Mgonjwa anajua. Anawaona mnavyonong'ona ukumbini, anawaona mnavyofuta macho kabla ya kuingia, na anaamua kuwalinda nyinyi kwa kunyamaza. Muulize anaogopa nini. Muulize anataka kumwona nani. Muulize kama kuna pesa za watu. Na akisema maumivu, amini ni maumivu, ulizia tiba shufaa kwenye hospitali ya mkoa au ya wilaya iliyo karibu, msikubali kuambiwa "hakuna la kufanya tena". La kufanya lipo hadi pumzi ya mwisho.

Na kwa wewe uliye mzima, ambaye umesoma hadi hapa kwa siri kwa kuogopa kuambiwa unajichulia: chukua daftari la shule la mtoto, ukurasa mmoja unatosha. Andika unaowadai na wanaokudai. Andika hati ziko wapi. Mwonyeshe mtu mmoja unayemwamini mahali ulipoliweka, kisha kesho asubuhi, kabla hujanywa chai, nenda kapime.